Mate ya Mzee Marete

Kwa kina Kaari, kijijini Ruiri, binti haondoki nyumbani mkavu. Asubuhi ya harusi hupiga magoti, hukinga viganja, na baba yake humtemea mate. Asiyejua ataona ni tusi. Kwao hiyo ndiyo baraka yenyewe, na Kaari alikuwa ameingoja kuliko hata gauni.

Aliingoja kwa sababu ya sigara. Mwaka uliotangulia yeye ndiye aliyempeleka baba yake, Mzee Marete, kwa daktari wa meno mjini Meru, ufizi ukivuja damu na magego mawili yakicheza. Daktari alisema moshi wa miaka mingi umeyakausha mate, na mate ndiyo yanayoosha meno usiku na mchana. Yakipungua, uozo hujikaribisha wenyewe. Mzee alilia. Akamkabidhi Kaari pakiti yake, akaapa kwa Mungu kwamba amekoma; mate ya siku ya harusi ndiyo yangethibitisha.

Kaari akaamini, tena kwa ukaidi. Mama yake, Ciakuthii, alipomnong'oneza kwamba bado ananusa moshi kwenye blanketi, Kaari alimfokea: "Mama, umezoea kumsema vibaya. Wacha mzee wa watu apumzike!" Tangu hapo wawili hao walisalimiana kama majirani waliogombania mpaka wa shamba. Kinywa cha mzee kilipozidi kukauka, alisema ni dawa za presha. Kaari akamtetea kwa hilo pia.

Sasa alikuwa amepiga magoti uani, wageni wamemzunguka. Mzee Marete akafumba macho, akavuta mashavu, akatema. Ikatoka hewa. Akajaribu tena, ulimi ukamganda kwenye kaakaa. Mjomba Runji akamletea kikombe cha maji.

"Maji si mate," shangazi mmoja akasema.

Mzee akainama karibu zaidi, akakohoa, na Kaari akaipata harufu. Chini ya peremende kulikuwa na sigara, ya asubuhi hiyo hiyo.

"Baba, umevuta leo?"

"Ni moja tu, mwanangu. Ya kutoa baridi."

"Na jana?"

Mzee akatazama viatu vyake vipya.

Kaari akashusha viganja. Mwaka mzima amemwonea mama yake kwa ajili ya mtu huyu! Baba angesema tu kwamba sigara imemshinda, Kaari angemsaidia. Lakini baba alimtazama bintiye akigombana na mama yake mzazi, akanyamaza, akaenda kuvuta.

Akageuka kwa magoti yale yale, vumbi likishika gauni jeupe, akamkingia mama yake viganja.

"Mama, nitemee wewe."

"Na mimi, Kaari?" mzee akauliza.

"Wewe mate yako ulishayamaliza kwenye sigara, Baba."

Ciakuthii alikuwa akilia, lakini akatema. Yalikuwa mengi, tena ya vuguvugu. Kaari akajipaka kifuani, akainuka, akapita mbele ya baba yake bila kumshika mkono.