Kifo cha Magesa Kama Kilivyosimuliwa

Mwalimu Sesilia alifundisha fasihi ya Kiingereza kidato cha sita, Nyahanga, na riwaya aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Kimarekani, ya miaka ya karibuni. Ilianza na mazishi ya kijana, ndipo ikarudi nyuma. Kila mtu wa familia ile alipewa sura yake asimulie kifo kile alivyokiona yeye, na mwandishi hakusema popote nani alikuwa mkweli.

"Sasa madam, sisi tumwamini nani?" mwanafunzi mmoja, Blessing, alimuuliza.

"Huo ndio utamu wake. Amekuachia wewe uamue."

Wiki iliyofuata mdogo wake Sesilia, Magesa, alifukiwa na duara, shimo la kuchimbia dhahabu, huko Nyarugusu.

Walimzika nyumbani, jeneza likiwa limepigiliwa misumari. Waombolezaji walipotawanyika, mama yao alimwita Sesilia jikoni. "Wewe ndiye msomi. Nenda kaniulizie mwanangu alikufaje."

Sesilia akaenda. Pantaleo, mwenye duara, alimpokea kwa adabu, akamwagizia soda. Alisema Magesa alikuwa amelewa, akashuka alfajiri bila ruhusa, udongo ukamwangukia, akafa papo hapo. "Hakuteseka, mwalimu. Kamwambie mama hivyo."

Nasibu, aliyekuwa akichimba pamoja na Magesa, alimfuata hadi kijiwe cha bodaboda. Aliongea huku akigeuka kuangalia alikotoka. Mvua ilikuwa imenyesha, alisema, na matimba, yale magogo ya kushikilia kuta, yalikuwa yameoza. Pantaleo akawalazimisha kushuka hivyo hivyo. Duara lilipoporomoka walimsikia Magesa akigonga. Walitaka kufukua, Pantaleo akawazuia mpaka kwanza ahamishe mifuko yake ya mawe ya dhahabu, asije afisa madini akaikuta.

"Aligonga mpaka lini?"

"Mpaka mchana, dada."

"Utayasema haya polisi?"

Nasibu alitikisa kichwa. "Nina watoto. Na bado nashuka mle."

Mama alikuwa akimngoja uani, akipepeta mchele. Sesilia alivuta kigoda, akaanzia mwisho, kwamba Magesa alikufa papo hapo, hakuteseka. Maneno yalimtoka vizuri mno, kama ya darasani, naye mwenyewe akayachukia.

"Unanificha," mama alisema kwa Kisukuma. "Anza mwanzo. Usirukeruke."

Basi akaanza na mvua. Akaeleza matimba, kugonga, mifuko. Ungo ulitulia mapajani mwa mama. Alipomaliza, mama hakuuliza nani alikuwa mkweli. Aliuliza kama Magesa alikuwa akimwita mtu.

"Sikumuuliza Nasibu hilo, mama."

"Basi twende tukamuulize."

Kesho yake walifika Nyarugusu. Duara lilikuwa likifanya kazi, magogo ni yale yale. Mama alisimama ukingoni, kanga ya msiba kichwani, na wachimbaji wakaacha kuvuta kamba. Pantaleo alitoka kivulini, akasema hapo si mahali pa kusimama. Nasibu alikuwa ameshashuka nusu, kichwa na mabega tu ndivyo vilivyobaki juu.

"Baba," mama alimwambia taratibu, "mwanangu alikuwa akimwita nani?"

Nasibu alimtazama Pantaleo.

"Sikusikia kitu, mama," alisema, akaendelea kushuka.

Sesilia alimshika mama mkono ili waondoke. Mama alikataa kusogea.