Gauni la Kijani

Kesho yake binti alikuwa na mtihani wa ushonaji, nusu kwa sindano, nusu kwa Kiingereza. Alitakiwa apeleke nguo aliyoiongeza kiunoni, aeleze alivyofanya. Maneno alikuwa nayo: "let out". Nguo ndiyo hakuwa nayo.

"Maana yake nini hasa?" aliuliza mama yake, fundi cherehani, bila kuondoa mguu kwenye pedali.

"Unafumua mshono, unaachia kitambaa kilichojificha ndani, halafu unashona upya. Mwalimu husema, I let out the waist. Nimeongeza kiuno."

"Haya, ongeza. Si nguo hizo hapo?"

Binti alizigeuza moja moja. Zote za dukani, kitambaa kimekatwa karibu kabisa na uzi. Hamna cha kuachia. Macho yakamwishia kwenye gauni la kijani nyuma ya mlango.

"Hilo usiliguse."

"Mama, nikienda mikono mitupu nimefeli."

"Bibi yako alinishonea mimi kwa mkono wake, na sasa hayupo. Nikilifumua, kitabaki nini?"

Binti akarudi kuzipekua zile za dukani. Mama akalishusha, akaligeuza ndani nje. Bibi hakuwa akikata kitambaa kilichozidi. Wateja walimtania kwamba anashona nguo mbili kwa bei ya moja, naye alikuwa akiwajibu, "Wewe nenepa tu, mwanangu, mimi nimeshajiandaa." Na aliyenenepa aliporudi, bibi aliifumua mishono yake mwenyewe huku akiimba, bila huruma hata chembe. Hilo mama alikuwa amelisahau. Miaka yote alikumbuka mikono inayoshona tu.

Akachukua wembe, akakata uzi wa kwanza, kisha akampa binti.

"Taratibu. Usije ukatoboa."

Mshono ulipoachia, kikatokea kijani kibichi kabisa, rangi ya gauni zima siku mama alipolivaa mara ya kwanza, kabla ya jua na sabuni. Wote wawili wakakitazama. Kisha binti akashona, akapiga pasi.

"Sasa nieleze. Mimi ndiye mtahini."

"I let out the waist."

"Peke yako? Uzi wa kwanza nani alikata?"

Binti akacheka. "Basi sema we, yaani sisi."

"We let out the waist," mama alisema polepole, kidole kikipita juu ya ule mstari ambao haukuwa umepauka.