Hayumo Humu

Bibi Otilia Pardo alikuwa na ugonjwa mmoja tu: akiogopa, anacheka. Alicheka kwenye mazishi ya mumewe mpaka padri akapotelewa na ukurasa. Ndiyo maana siku ile, alipokuwa akishuka basi katikati ya Santiago, enzi Chile ikitawaliwa na wanajeshi, alikuwa ameuma leso.

Alichofuata hakikuwa cha kuchekesha hata kidogo. Eliseo, mtoto wa marehemu dada yake, ambaye yeye ndiye aliyemlea, alikamatwa na watu wa usalama kwenye duka la viatu alikokuwa akifanya kazi. Kila alikouliza alijibiwa kwamba serikali haimjui. Mji mzima ulijua kuwa nyuma ya geti la kijani la mtaa huo aliposhukia watu walikuwa wakipigwa shoti za umeme, na mji mzima ulipita ukitazama pembeni. Mtu ambaye serikali haimjui, inaweza kumuua na isiulizwe hata maiti iko wapi.

Sista Bernarda, mtawa mfupi mwenye amri kama sajini, alikuwa amewapanga walimu, mafundi cherehani na wastaafu. Waje mmoja mmoja kwenye kituo cha basi mbele ya geti, wajifanye hawajuani. Kengele ya adhuhuri ikilia, wafunue kitambaa kilichoandikwa HAPA WANATESA WATU, Otilia ataje jina la Eliseo, wao waitikie, kisha watawanyike kabla polisi hawajafika.

Wajifanye hawajuani! Haya, mwambie hivyo mwanamke wa Chile. Otilia alifika, akaona nyuso anazozifahamu, na mwili ukafanya ulichozoea tangu utotoni: ukifika mahali, unambusu shavuni kila uliyemkuta. Alimbusu mwalimu, akambusu fundi, akambusu Sista Bernarda, ambaye macho yalimtoka pima. Akambusu mama mmoja mwenye mkate, asiyehusika kabisa. Na kwa kuwa ni utovu wa adabu kumruka mtu, akambusu pia kijana wa koti la ngozi aliyekuwa amesimama getini.

Kijana aliinamisha shavu, maana naye kwao kuna shangazi. Akamwamkia vizuri tu, kisha akakumbuka kazi yake na kurudi kukunja uso.

Hapo ndipo Otilia alipong'amua kwamba amembusu mlinzi. Leso ikamtoka mdomoni na kicheko kikafuata. Mwalimu akaambukizwa, fundi akaambukizwa, na kengele ilipolia kituo kizima kilikuwa kimeshika mbavu. Kitambaa kikafunuliwa juu chini. Basi likasimama, abiria wakacheka nao, wakainamisha vichwa ili wasome, na walipomaliza kusoma hakuna aliyekuwa akicheka.

Otilia akavuta pumzi, akaliita jina la Eliseo Pardo kwa sauti yake yote. Watu wakaitikia. Kisha akamgeukia yule kijana.

"Mwanangu, mama yake alishafariki. Amebaki na mimi tu. Yumo humo?"

Kijana alikuwa bado na rangi ya midomo shavuni. Huruma ikamponza.

"Nenda nyumbani, shangazi. Hayumo humu. Jana walimpeleka hospitali ya jeshi, na alikuwa anapumua."

Hata yeye mwenyewe alisikia alichosema. Abiria walisikia, mama wa mkate alisikia, na dereva alikuwa amezima injini kusudi asikie vizuri.

"Mimi napita hapa kila siku," dereva akasema. "Kila siku. Pandeni, twende huko hospitali."

Sista Bernarda alisema wamekubaliana kutawanyika, lakini alisema hivyo akiwa tayari amekalia kiti cha mbele. Waliosimama walisimama mpaka mlangoni, mkate ukakatwa ukagawanywa, na njia nzima waliimba wakitikisa vioo.

Pale hospitalini ofisa wa mapokezi alimwambia Otilia kuwa serikali haimjui mtu huyo, akamuuliza ni nani aliyemwambia yumo.

"Ninyi," Otilia akasema. "Sote tumesikia."

Ofisa akatazama nyuma ya Otilia. Watu walikuwa bado wanashuka kwenye basi. Akanyanyua simu, na kwa sauti ya chini akauliza Pardo amelazwa chumba gani.