Kondoo Aliyelishwa Sahani ya Oyniso

Mimi nina mabinti wawili, Oyniso na Savri, na wakwe wawili. Kama hujawahi kuwa na wakwe wawili wanaoishi ua kwa ua, basi mimina chai ukae, maana hili si la kusimuliwa umesimama.

Oyniso, yule mkubwa, ni mnene. Savri ni mwembamba. Walikua nyumba moja, wakala sinia moja, na marehemu mama yao hakuwahi kumsogezea mmoja kipande kikubwa kuliko mwenzake. Najua, nilikuwa nimekaa hapohapo. Savri anakula mkate kama mchungaji aliyeshuka mlimani leo, na mkanda wake wa harusi bado unamzunguka. Oyniso akinusa tu sufuria ya wali, nguo inambana. Ndivyo walivyo tangu wadogo.

Sasa, kondoo wangu mmoja jike akazaa pacha, madume wawili. Huku kwetu Hisor kondoo ni mkia. Mtu haulizi kondoo wako ana nyama kiasi gani, anapita nyuma na kupima lile furushi la mafuta kwa viganja. Nikampa Nusratullo, mume wa Oyniso, mmoja. Nikampa Saymurod, mume wa Savri, mwingine. Nikawaambia wakuzeni, mwakani kabla ya baridi nitachagua mmoja awapande majike wangu. Sikusema zaidi, lakini kila mtu alielewa: mimi miguu imechoka, na kundi langu litafuata nyumba ya yule dume atakayechaguliwa. Nilidhani nimefanya haki. Ukitaka kuona watu wanagombana, wape vitu sawasawa.

Kabla hawajawachukua alipita Mehrangez, daktari kutoka mji mkuu, Dushanbe. Si daktari wa kutibu, ni wa kuchungulia. Aliwatia wale wanakondoo ganzi mkiani, akachota kila mmoja kipande kama punje ya mchele, akakitia kwenye chombo kinachotoa moshi wa baridi.

"Binti," nikamwambia, "hicho hata paka hashibi."

"Babu, mimi sitaki kushiba. Nataka kujua mafuta yanaanzaje."

"Yanaanzia mdomoni."

Akacheka tu, akafunga chombo chake.

Basi pacha wakakua. Wa Saymurod akaota mkia, sisemi mkia, mto wa kulalia wageni. Akitembea unatikisika kama unamuaga mtu. Wa Nusratullo akawa na miguu mizuri, shingo nzuri, na nyuma kitu kama mfuko aliosahau kuujaza.

Hapo Nusratullo akaanza kuumwa. Simaanishi homa. Kila asubuhi alikuwa na sababu ya kupita kwenye ua wa Saymurod, mwanyumba wake kwa kuwa wameoa dada wawili: mara shoka, mara chumvi, mara kuku wake amepotea. Macho yanakwenda kwenye mkia. Savri alipogundua akamning'inizia yule kondoo shanga za kuzuia kijicho na kumfukizia majani kila jioni, mpaka kondoo mwenyewe akawa anakohoa. Moshi ule Nusratullo aliuona ni matusi, na kweli yalikuwa matusi.

Akazidi kumlisha kondoo wake. Shayiri ya kuchemsha, mashudu ya pamba, maganda ya tikiti. Ilipokuwa haitoshi akaanza kuchukua kwenye sinia. Tumekaa tunakula, wali wa mafuta umepakuliwa, anachota upande wa mkewe na kutia kwenye bakuli la kondoo.

"Wewe akiba unayo," anamwambia Oyniso. "Mwache mwenzio naye apate."

Sisi tukacheka siku ya kwanza. Oyniso naye alicheka. Siku zilizofuata hakucheka, alikuwa anatazama mikono ya dada yake inavyopeleka mkate mdomoni na hakuna anayemsema. Nilimwona. Mume anamwonea wivu mwanyumba kwa mafuta, mke anamwonea wivu dada yake kwa kukosa mafuta, na wanalala kitanda kimoja.

Mwaka ukazunguka. Kondoo wa Nusratullo akaota tumbo, mkia ukabaki uleule. Oyniso, aliyekuwa anakula nusu ya sahani, hakupungua hata kidole.

Zilipobaki siku chache nichague, Nusratullo akaja kwangu. Saymurod alikuwepo, tunakunywa chai.

"Baba, bora niseme akiwepo. Huyu mwanyumba wangu anamdunga kondoo sindano."

"Sindano?" Saymurod akasema. "Mimi hata ya kushonea kifungo naazima kwako."

"Kondoo hawa ni tumbo moja, baba. Wa tumbo moja hawawezi kutofautiana hivi bila mkono wa mtu."

"Na mimi na Savri ni tumbo gani?" Oyniso akauliza. Alikuwa mlangoni na birika. Wakwe wakageukia vikombe vyao. Hata mimi, nilikuwa napuliza chai.

Nikasema Mehrangez anarudi kesho, kiangazi alipita kuchukua punje nyingine na damu, sasa analeta majibu, tumsikilize. Nusratullo alifurahi. Alilala akijua kesho mwanyumba wake anaumbuka.

Daktari akaja. Tukamkalisha zizini juu ya mkeka, kondoo wote wawili mbele yake. Akatueleza taratibu, na mimi nitakuambia nilichoelewa. Ndani ya mkia kuna chembe changa ambazo hazijaamua ziwe nini, mfupa, nyama au mafuta. Kuna amri zinapigwa humo ndani: kuwa mafuta, acha, endelea. Halafu kuna vitu vidogo sana, maikro-RNA vinaitwa, ulimi wangu umevipata baada ya wiki. Vyenyewe havijengi kitu. Kazi yake ni kunyamazisha. Kimoja kinaziba mdomo wa anayesema nenepa, kingine kinaziba mdomo wa anayesema acha.

"Kwa huyu," akamshika wa Saymurod, "wengi wa wanyamazishaji hao wamemziba anayesema acha. Kwa huyu mwingine wamemziba anayesema nenepa."

"Na nani aliwatia humo?" Nusratullo akauliza, macho kwa Saymurod.

"Hakuna. Zile punje za kwanza, nilizozichukua wakiwa bado wananyonya kwa babu hapa, tayari zilikuwa hivyo."

"Sindano je?"

"Damu tulipima. Hana kitu."

Nusratullo akatazama viganja vyake. Unajua, ukimnyang'anya mtu mwizi wake anabaki hajui mikono aiweke wapi. "Kwa hiyo hata ningemlisha nini..."

"Chakula nacho kina nafasi yake, sikudanganyi. Umeona tumbo. Lakini mkia kama wa ndugu yake asingeupata."

Akamvuta kondoo wake, akamkwaruza kichwani. "Maskini. Nimekuonea bure. Nilikuwa nakuita mvivu."

Oyniso akaweka birika chini. "Daktari, hivyo vitu watu wanavyo?"

"Wanavyo, dada. Ndiyo sababu hasa natazama mikia."

"Kwa hiyo mtu anaweza kula kidogo na bado..."

"Anaweza. Si kila kitu tunakijua, na dawa yake bado hakuna. Lakini anaweza."

Oyniso akamgeukia mumewe. Hakupandisha sauti. "Kondoo umemwomba radhi. Nasubiri zamu yangu."

Nusratullo akarudi kumkwaruza kondoo wake. Mehrangez akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake, kitu ambacho nadhani hakikuwepo.

Nikamchagua wa Saymurod. Ningefanyaje? Kondoo ni mkia. Nusratullo akasema "sawa, baba," akamfunga wake kamba pembeni.

Sasa majike wetu, kwa uzito wa mikia yao, dume peke yake hafiki. Lazima mtu ainue mkia wa jike na kuushikilia mpaka kazi iishe, na Saymurod mgongo wake mbovu.

"Mwanyumba," akaita, "njoo unishikie."

Akaja. Kutwa nzima alikuwa ameinama akiinua mikia ili dume wa mwenzake awapande, jasho linamtiririka, na kila jike akimalizika ananung'unika, "Huyu naye ameridhika na dume wa Saymurod." Saymurod alikuwa na akili, hakucheka.

Jioni tukakaa kula. Sinia katikati, nyama juu ya wali, na lile pande la mafuta ya mkia ambalo kila mtu analitazama akijifanya halioni. Nusratullo akalikata kwa vidole, akasogeza kipande kinono zaidi upande wa Oyniso.

Savri akaacha kutafuna.

Oyniso akakitazama kile kipande, halafu akamtazama mumewe. "Kondoo ameshiba?"

"Ameshiba," akasema. "Alishiba zamani. Mimi ndiye niliyekuwa sioni."

Oyniso akala. Polepole, chote, akafuta vidole kwa mkate. Nusratullo akamngoja amalize ndipo akachota cha kwake, lakini jicho lake moja, kama la mtoto, lilikuwa zizini kwenye mkia wa kondoo wa Saymurod.