Umri Unaotubeba

...thelathini na nne, amesema Khubaib, kama kawaida yake kumjibia mkewe, lakini Daktari Awiti hajaandika, anamtazama Swafia mwenyewe, "Ni kweli, Swafia? Thelathini na nne?", na Swafia anaitazama kalamu ya daktari, ile damu waliyomtoa wiki iliyopita imeshasema yake, akiba ya mayai imepungua, na leo kwenye picha wamehesabu vifuko vinne tu vya mayai, kushoto kimoja, kulia vitatu, yeye kalala anahesabu pamoja na daktari kama mtoto wa chuo cha Kurani, "lakini umri wako ndio unaotubeba," daktari alisema pale pale akiisoma fomu yao, "mayai machache ya mwanamke kijana bado yana nguvu, na sindano nitazipanga kwa hesabu hiyo," Khubaib akamshukuru Mungu kwa sauti, masikini... na ni uongo, ni thelathini na tisa, yarabi, tisa, mama ndiye aliyeipunguza siku ya posa, mbele ya wakwe, bila kupepesa jicho, kisha jikoni akamnong'oneza, "Miaka mitano si kitu, mwanangu, hata mtele hupepetwa makapi yakatoka," na sasa mama yuko kaburini Kikowani, nani atamsaidia kuubeba uongo huu... Khubaib ana thelathini na saba, hujiita mzee wake, humpokonya kikapu cha sokoni, "wewe bado mwari," humwambia, je, akijua ni yeye aliyezidiwa miaka miwili, na wale shangazi zake wa Ndia Kuu wanaongoja sababu tu wamtafutie mke wa pili... nyamaza, Swafia, funika kombe mwanaharamu apite... lakini dawa je, tumbo halikuwepo kwenye ile posa, tumbo halidanganyiki, watamdunga sindano za mtu mwingine, watampa Khubaib matumaini ya mtu mwingine, na dua zote zile, miaka minane juu ya msala, alikuwa akimwombea mtoto nani, yule msichana wa mama, ambaye hajapata kuwepo, na asiyekuwepo hashiki mimba... anaogopa, lakini huyo msichana hamtaki tena, amechoka naye... "Swafia?" daktari anauliza tena, na Khubaib amemshika mkono, anatabasamu, anamhimiza ajibu, na Swafia anauchomoa mkono wake taratibu, yeye kwanza, asije akausikia wa Khubaib ukimwachia atakapolisikia jibu lake.