Bendera ya Limpho Siku ya Kufungua Bomba

Wakubwa wa nchi hii wanajua kusimamisha bomba kuliko wanavyojua kulitia maji. Letu lilisimama katikati ya kijiji, kavu, tukafungia farasi. Nyuma ya mazizi yetu linapita bomba nene la bwawa, linapandisha maji hadi nyumba ya wageni ya mradi. Koki ya kutuchepushia sisi imo ndani ya kisanduku cha chuma, na ufunguo wake umo mfukoni mwa msimamizi, Ntate Mokhethi.

Mke wangu Limpho alikufa akitoka chemchemi, ndoo kichwani, barafu chini ya miguu. Siku ya mazishi Mokhethi akatuambia tuvumilie. Marehemu tayari alikuwa anavumilia.

Sasa ikatangazwa kwamba naibu waziri anakuja kuzindua bomba. Tufike wachache tu, tena wenye blanketi safi, tupige makofi. Asubuhi ile nikachungulia nyuma ya ukuta mpya. Tangi la plastiki limejazwa kwa lori, na mpira wake umeungwa kwenye bomba letu. Maji ya kupigia picha. Wakubwa wakiondoka, na tangi linaondoka.

Nilirudi nyumbani mbio kama kijana. Nikafungua sanduku la Limpho, nikatoa bendera yake nyeupe. Kwetu milimani kitambaa cheupe juu ya mti maana yake pombe ya mtama imeiva. Mtu akikiona kutoka mgongo wa pili wa mlima haulizi, anatandika farasi. Na pombe ya Limpho ilikuwa na jina. Nikakifunga kwenye mti mrefu, nikausimika kando ya bomba, upepo ukakichukua.

Naibu waziri aliposhuka garini akakiona, akatabasamu. "Kumbe mmetuandalia na pombe, Ntate. Ya mtama?"

"Ya mtama, mheshimiwa. Bado kidogo tu."

Mokhethi akanitazama kama anayehesabu meno yangu.

Hotuba haijafika katikati, wakaanza kumiminika. Wapanda farasi wakishuka kwa vumbi, akina mama wamefunga watoto mgongoni, hata wale ambao huwaoni ila kwenye msiba. Phoofolo wa ng'ambo ya bonde ndiye aliyetangulia.

"Ntate Letlatsa, umeoa kimyakimya? Nani kapika?"

"Shuka kwanza."

"Nishuke nipewe kopo, au nishuke nisikilize serikali?"

"Vyote viwili."

Chifu wetu, mama mtu mzima Mme Mmaneo, akaitazama bendera, akanitazama mimi. Halafu akasimama. "Watu wamekuwa wengi. Hii si sherehe tena, ni pitso."

Mokhethi akakunja uso. Pitso ni kikao cha chifu: kila mtu ana haki ya kusema, na hakuna anayeondoka mpaka chifu mwenyewe akifunge. Naibu waziri akaenda kufungua bomba. Maji yakatoka, vigelegele vikapaa, picha zikapigwa. Nikaomba neno.

"Mheshimiwa, farasi wametoka mbali. Naomba wanywe."

Mbele ya kadamnasi ile angekataaje? Farasi wakanywa, mmoja baada ya mwingine, na akina mama wakachomeka ndoo katikati yao. Mara bomba likakohoa, likadondosha matone, likanyamaza. Farasi wa Phoofolo akabaki analamba chuma.

"Samahani, mheshimiwa," Phoofolo akasema. "Farasi wangu ameimaliza serikali."

Kicheko kilichozuka pale kilifika chemchemi. Mokhethi akainua mikono. "Ni presha, ndugu zangu. Presha imeshuka."

"Presha iko mfukoni mwako, Ntate," Mme Mmaneo akamwambia. "Itoe."

"Mme, kule juu kuna wageni. Wanaoga."

Kicheko kikakatika. Naibu waziri akatazama saa, akatazama mawingu yaliyoanza kuufunika mlima. "Mme, tufunge kikao. Nitalifuatilia nikifika ofisini."

"Nitafunga maji yakitoka."

"Huwezi kunishikilia hapa."

"Nani kakushika, mwanangu? Gari lako lile. Panda. Lakini hawa wote watasimulia nani aliikimbia pitso, na wewe kura unaombea huku huku."

Akaukaza mkono kwenye blanketi la heshima tulilomvisha alipofika. Mwishowe akasema bila kugeuka, "Mokhethi, ufunguo."

Kisanduku kikafunguliwa, koki ikazungushwa. Nikaegemeza sikio kwenye bomba. Kwanza hakuna kitu. Halafu nikasikia kitu kinatambaa kwa mbali, kinakuja, kinanguruma, bomba likatema hewa, likatema tope, kisha maji meupe, baridi kama barafu ile. Nikaweka mikono chini yake, nikashindwa kuitoa.

"Maji tumeyaona," Phoofolo akasema. "Pombe iko wapi?"

Wote wakanigeukia. Bendera ya uongo kwetu si mchezo.

Mme Mmaneo akatoa hukumu papo hapo. "Ntate Letlatsa amewadanganya. Kwa hiyo atapika yeye mwenyewe, na ikiiva atapandisha bendera mrudi wote. Mheshimiwa naye amealikwa. Ntate Letlatsa akikosa maji ya kupikia, mnamjua wa kumuuliza." Akamnyooshea Mokhethi kiganja mpaka ufunguo ukatua juu yake. Ndipo akaifunga pitso kwa maneno yetu ya siku zote: amani, mvua, neema.

Sijawahi kupika pombe maishani. Majirani wananielekeza huku wanajishika mbavu. Lakini mtungi wa Limpho unatoa povu, na kila alfajiri naenda kulifungua bomba kabla ya wote, kwa sababu watu wale siwaamini. Bado linatoka.

Leo nimeifua bendera kwa maji yake, nikaianika ukutani. Haijakauka, na tayari Phoofolo anapiga kelele kutoka ng'ambo, anauliza ile imeanikwa au imepandishwa, maana farasi ameshamtandika.