Jagi Moja Ni Vikombe Vingapi

Kufikia saa mbili kasorobo asubuhi, mwalimu Kaari alikuwa langoni mwa shule akiinua kijerikeni kimoja baada ya kingine, kuona kama kimejaa. Kila mtoto alitakiwa kuja na lita tatu za maji kutoka nyumbani. Sheria ya shule ilikuwa fupi: hakuna maji, hakuna uji. Kati ya watoto wake sitini na mmoja wa Gredi ya Pili, thelathini na wanane ndio walioleta. Wengine walisimama kando ya ua wa miiba, wakitazama miguu yao.

Nyuma ya madarasa kulikuwa na kisima kilichochimbwa mwaka juzi. Kilifunguliwa kwa utepe na hotuba, na bamba la jiwe likaachwa pale likiwa na jina la mheshimiwa. Wiki tatu baadaye pampu ilipelekwa kutengenezwa, haikurudi. Kila mtu upande huu wa Gachoka alijua ilikotengenezewa, maana matikiti ya mheshimiwa ng'ambo ya barabara yalikuwa kijani hata mwezi wa Septemba.

Mwalimu mkuu, Njiru, alimkuta Kaari akipanga vijerikeni mlangoni mwa jikoni.

"Madam, afisa wa elimu anafika saa nne. Darasa lako ndilo ataangalia. Uko na somo gani?"

"Hesabu. Ujazo. Nimewaandalia mchanga wa kupimia."

"Mchanga!" Njiru aliangalia huku na huku. "Kitabu kinasema maji. Huyu mtu ndiye anaandika kama mkataba wako utaendelea. Tumia maji."

"Hayo ni ya uji, mwalimu."

"Uji watakunywa kesho. Vijerikeni vyote vipange darasani, avione."

Wamuyu, mpishi, alikuwa amekwisha kuwasha moto. Aliutazama, kisha akaanza kuvuta kuni nje, moja moja.

Afisa aliitwa Mithika. Aliingia na kishikwambi mkononi na vumbi hadi kwenye kola, akakaa nyuma, kwenye kiti kilicholetwa kutoka ofisini. Kaari aliweka mezani jagi la plastiki, kikombe na kijerikeni kimoja kati ya vile vilivyopangwa ukutani. Sauti yake mwenyewe ilimkera, ilivyokuwa tamu kwa sababu ya mgeni.

"Leo tunataka kujua, jagi hili linajazwa na vikombe vingapi. Nani atatusaidia? Igoki."

Igoki alikuwa na miaka saba. Alitoka kwa cucu, nyanya yake, ng'ambo ya kilima, kabla jua halijachomoza, na kijerikeni kile kilikuwa chake. Alikiinamisha taratibu, akajaza kikombe, akamimina kwenye jagi. Darasa likahesabu naye. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Alipojaza cha tano, alikitazama kidogo, akakipeleka mdomoni, akakinywa chote.

Mtoto mmoja akameza mate, na Kaari akasikia.

Igoki akapangusa mdomo, akaendelea. Alimimina kikombe kingine, na kingine tena, hadi maji yakafika ukingoni mwa jagi.

"Sasa," Mithika akauliza kutoka nyuma, "umetumia vikombe vingapi?"

"Saba."

"Jagi moja ni vikombe saba?"

Igoki akafikiri. "Sita viko kwa jagi. Kimoja kiko kwa mimi."

Watoto wakacheka. Mithika hakucheka. "Jibu ni sita," alisema, akigusa kioo cha kishikwambi. "Chini ya matarajio."

"Lakini amehesabu sawa, sir," Kaari alisema. "Ametenganisha kabisa. Wakubwa wengine hawangeweza."

"Madam, mimi sikumuuliza amekunywa ngapi." Akageuza ukurasa. "Hapa wananiuliza kama shule ina maji."

"Kisima kipo," Njiru alijibu haraka kutoka mlangoni. "Hata bamba liko pale, unaweza kupiga picha."

Kaari alifungua mdomo. Njiru akamtazama, hakumkazia macho, alimtazama tu, kama mtu anayengoja kufunga mlango. Kaari akaufunga mdomo. Alikuwa na mtoto aliyemwacha Nkubu kwa mama yake, na mwaka mmoja na nusu wa kungoja kuajiriwa kwa kudumu. Mithika akaweka alama ya ndiyo.

Saa sita, gari la afisa lilikataa kuondoka. Mvuke ulitoka mbele na dereva, Gedion, akafungua boneti akiruka nyuma. Joto la bondeni na barabara ya mawe vilikuwa vimemaliza maji ya rejeta.

"Wamuyu! Leta maji!" Njiru aliita.

Walingoja injini ipoe, kisha Gedion akamimina vijerikeni viwili. Ilipobaki nusu ya cha tatu, Njiru akasema mgeni hawezi kwenda Embu na gari linalofanana na punda, lipanguswe vumbi kidogo. Kwa hiyo Gedion akamwagia vioo, halafu milango. Watoto wa Gredi ya Pili walitoka na kusimama mbali kidogo, midomo yao imekauka nyeupe.

Igoki alisogea hadi kwa Kaari. Kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, akauliza, "Mwalimu, gari ni jagi ngapi?"

Mithika akamsikia. Uso wake ukachangamka. "Unaona, madam? Hapo sasa anatumia hesabu katika maisha!" Akatoa kishikwambi, akakilaza juu ya boneti iliyolowa, akafuta alama ya asubuhi. "Ametimiza matarajio. Nimekusaidia pia wewe."

"Sema asante," Njiru akanong'ona.

"Asante," Kaari akasema. Ilimtoka kama mfupa uliokuwa umekwama.

Mlangoni mwa jikoni Wamuyu alikuwa ameipindua sufuria kubwa na kuikalia.

Mbuzi wawili wa jirani waliingia kupitia pengo la ua. Walikwenda moja kwa moja chini ya gari, wakapiga magoti, wakaanza kulamba tope kwenye gurudumu. Watoto wawili wakachuchumaa karibu nao. Njiru akaokota kijiwe.

"Tokeni hapo!" alipiga kelele, na haikujulikana anawaambia nani.